Barabara Namba Kumi na Nne Inapita Sebuleni

Shangazi yangu ni dobi. Lakini si dobi wa kufua, maana kufua anasema kila mwenye mikono anaweza. Yeye ananyoosha. Mtaa mzima wanamwita Mama Pasi, hata watoto ambao tangu wazaliwe hawajavaa nguo iliyopigwa pasi. Ana pasi mbili za mkaa, moja ya suruali na moja ya vingine vyote, na ukimpelekea shati lako atalikagua kwanza ndipo akusalimie. Magoti ya suruali yanamwambia kama una kazi au unazunguka tu. Mikunjo ya mgongoni inamwambia umekaa siku nzima kwenye benchi la ofisi ukimngoja mtu ambaye hakuja.

Kuna jamaa aliwahi kumpelekea koti la harusi yake. Shangazi akaligeuza mara mbili, akamuuliza kama ni lake. Jamaa akaapa ni lake. Shangazi akamwonyesha kiwiko, akasema, "Baba, mwenye koti hili ni mtu wa mkono wa kushoto, na wewe umenipa kwa kulia." Jamaa akacheka kicheko cha aibu, akasema ni la shemeji yake. Sasa ndio ujue, kwenye mambo ya mikunjo huyu mama hadanganyiki.

Nyumba yake aliijenga kwa miaka kumi na mmoja, kidogo kidogo, mwaka wa kuta, mwaka wa kukaa tu, mwaka wa bati nusu. Ina sebule katikati na vyumba viwili, kimoja huku na kimoja kule. Mlango wa mbele unatazama uchochoro wa mafundi wa kuchomelea vyuma, wa nyuma unatazama bomba la maji, na milango hiyo miwili imetazamana sawasawa. Alifanya hivyo makusudi, upepo upite moja kwa moja, mkaa usizime na moshi usimkalie kifuani. Mumewe alifariki bati likiwa bado nusu. Nusu iliyobaki aliimalizia yeye, kwa suruali za watu.

Basi asubuhi moja wakaja vijana watatu na kopo la rangi nyekundu. Wakamwomba kwa adabu asogeze kapu la nguo, zisije zikachafuka. Akasogeza. Wakachora alama ya X ukutani, kubwa, halafu mmoja akarudi nyuma kuangalia, akasema mguu mmoja umekaa vibaya, wakaurekebisha. Ndipo wakampa barua.

Barua ilitoka Bodi ya Mipango Miji. Ilisema amejenga juu ya Barabara Namba Kumi na Nne, yenye upana wa mita tisa, na abomoe ndani ya siku thelathini. Na kwamba mtu aliyejenga barabarani halipwi kitu.

Shangazi akaisoma mara mbili. Halafu akatoka nje kuitafuta hiyo barabara. Naapa, alizunguka nyumba yake mara tatu akiangalia chini kama mtu aliyedondosha pete. Mwishowe akavuka kwa fundi wa kuchomelea aliye mbele yake, ambaye amekaa pale miaka ishirini, akamuuliza kama aliwahi kuona barabara mahali hapa.

"Shemeji," fundi akasema, akiinua ile miwani yake nyeusi, "mimi hapa nimeona mbuzi tu. Na mbuzi wenyewe walikuwa wamepotea."

Bodi ilikuwa inakaa kila Alhamisi ya pili, kwenye ukumbi wenye meza ndefu na feni moja inayompepea mwenyekiti peke yake. Siku ile wananchi waliruhusiwa kusikiliza, tukajaa hadi madirishani. Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kuna mtu alitaka kujenga ghorofa tano za maduka pale mtaani kwetu. Mtaa wetu kwenye makaratasi ni eneo la makazi, kwa hiyo bodi ilikuwa inapima kama iugeuze uwe eneo la biashara. Sheria yao inasema eneo la biashara lazima liwe na barabara mbili, na sisi tunayo moja. Watu wakadhani mambo yameishia hapo. Kumbe mchora ramani alikwenda kuangalia kwenye ramani, akagundua ya pili ipo. Ipo siku zote. Ni vile tu kuna mama amekaa juu yake.

Shangazi akasimama, akaomba aonyeshwe. Mchora ramani, kijana msafi mwenye kalamu nne mfukoni, akaitandaza mezani, kubwa kama shuka la kitanda cha watu wawili. Akaweka kidole juu kabisa, akakishusha mpaka chini. Mstari mweusi, umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Ulianzia juu ya karatasi, ukakata bwawa katikati, ukapita makaburini, ukaja ukaingia mlango wa mbele wa shangazi, ukatokea wa nyuma, ukaendelea mpaka ukaishia kwenye vyoo vya soko.

Shangazi akauliza magari yatapitaje kwenye bwawa. Akajibiwa bwawa liko nje ya mradi. Akauliza na makaburini je.

"Makaburini hakuna aliyelalamika," mchora ramani akasema.

Akawaambia nyumba yake yote upana wake ni mita nane tu, hiyo ya tisa wataitoa wapi. Wakanong'onezana, wakamwambia asijali, hiyo moja wataichukua kwa jirani. Jirani alikuwa dirishani. Akakaa chini.

Sasa shangazi akainama juu ya ile meza. Akapitisha kidole gumba juu ya mstari, taratibu, kama anavyopitisha kwenye kola. Akageuza pembe ya ramani akaangalia kwa chini. Halafu akacheka, akashika kiuno.

"Baba zangu," akasema, "hii si barabara. Huu ni mkunjo."

Akawaeleza vizuri, kama anavyomweleza mteja. Ramani hii imekunjwa katikati, ikalazwa kwenye droo miaka na miaka. Mkunjo ukashika vumbi, ukaonekana mweusi. Akaja mchoraji fulani, akaona mstari unaofifia, akaogopa barabara inafutika, akaupitishia wino. Mzee mmoja wa faili aliyekuwa amekaa kwenye pembe akaitikia kwa kichwa, akasema kwa sauti ndogo kwamba mchoraji wa zamani aliyestaafu kweli alikuwa na tabia hiyo, hakupenda kuona kitu kinafifia.

Ukumbi ukaguna. Mwenyekiti, mtu mpole sana, ambaye makoti yake yote shangazi anayajua kwa bitana, akasema bodi haiwezi kufanya kazi kwa kuambiwa. Ushahidi uko wapi?

Shangazi akasema, "Nipeni dakika ishirini."

Akaenda nyumbani akarudi na pasi ya vile vingine vyote, inatoa cheche. Askari wa mlangoni alitaka kumzuia, akakosa sheria inayokataza pasi. Akatandaza kitambaa chenye unyevu juu ya ramani ya serikali, akakunja mikono ya gauni, akaanza. Wajumbe saba wakasogea na viti vyao. Pasi ilipita mara tatu, mvuke ukapanda, harufu ikawa kama ya asubuhi ya shule. Akaondoa kitambaa.

Mkunjo ulikuwa umekwisha kabisa. Karatasi ilikuwa imelala kama maji ya beseni. Na katikati, mstari mweusi uko pale pale, unang'aa kuliko mwanzo.

Mchora ramani akauinamia. Akasema, "Mwenyekiti, mkunjo umetoka. Barabara imebaki. Kwa hiyo ni vitu viwili tofauti."

Shangazi akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Akataka kusema kwamba wino hautoki kwa pasi, wino ni wino, lakini mwenyekiti alikuwa ameshaanza kumshukuru. Alisema kwa miaka mingi hata yeye moyoni alikuwa na wasiwasi na barabara ile, na leo mama huyu ameuondoa. Ikaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kwamba Barabara Namba Kumi na Nne imethibitishwa kwa pasi. Halafu wakamuuliza kama angeweza kuwanyooshea na zile ramani nyingine sita.

Alipokuwa anatoka, katibu wa bodi akamfuata kwenye korido. Katibu ni mama mmoja mwembamba ambaye kila anachosema kina namba mbele yake. Hakuwa na roho mbaya. Akamwambia, kifungu cha thelathini na moja, barabara inaweza kufungwa. Mwananchi anajaza fomu, watumiaji wanahesabiwa siku saba, na kama ni chini ya mia kwa wiki, bodi inaifunga na mwenye nyumba anabaki na nyumba yake.

Shangazi nusura ambusu. Akaijaza fomu palepale, ameiegemeza ukutani. Kwenye idadi ya watumiaji akaandika sifuri. Katibu akairudisha.

"Sifuri haipokelewi, mama. Sifuri maana yake hamkuhesabu."

Basi Jumatatu akaletewa karani wa kuhesabu. Mwanamume wa makamo, daftari moja, penseli mbili, na utaratibu kwamba lazima akae mahali anapoiona barabara yote. Mahali hapo palikuwa ni kwenye kochi. Akakaa. Shangazi akipita na pasi kutoka chumba hiki kwenda kile, anainua penseli, halafu anakumbuka kwamba mkazi wa barabara hahesabiwi, anaishusha. Mpaka mchana hakuna kitu. Shangazi akaanza kuogopa ile sifuri. Akavuka kwa fundi, akamwomba amfanyie hisani apite ndani ya nyumba mara moja tu, aandikwe, yaishe.

Fundi akaja na baiskeli yake. Akasema "hodi" mlangoni, karani akamwambia barabarani hakubishwi hodi. Akapita katikati ya kochi na kabati, akatokea mlango wa nyuma. Na pale nje akasimama. Akaliangalia bomba. Akageuka akaangalia alikotoka. Huyu mtu kila siku kwa miaka ishirini alizunguka mtaa mzima, mwendo wa robo saa, kufuata maji ya kupoza vyuma. Sasa alikuwa ametembea hatua arobaini.

"Shemeji," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyedhulumiwa, "yaani siku zote ulikuwa umekaa na barabara kimya kimya?"

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuzuia. Mafundi wenzake wakaja na ndoo. Wakina mama wa upande wa bomba wakagundua kwamba kumbe dukani ni karibu hivi. Jumanne wanafunzi walipita kwa mstari, wakamwamkia karani. Jumatano alipita mtu na godoro kichwani, likakwama kwenye fremu ya mlango, nyuma yake wakajazana watu tisa, na karani akaandika neno msongamano, akalipigia mstari chini. Shangazi alijaribu kusimama mlangoni na kuwasihi watu wasipite, kila mguu wao ni tofali la nyumba yake linatoka. Walimwelewa kabisa. Walimwonea huruma kweli. "Pole sana Mama Pasi," wanasema, "mara hii moja tu, nimechelewa," na huyo, ameshatokea bombani.

Siku ya Alhamisi akafunga milango yote miwili akatia na komeo. Karani akavua miwani, akamwambia kwa upole kwamba kuziba barabara ni kosa la jinai na yeye asingependa kuwa shahidi, hasa baada ya chai nzuri namna ile. Shangazi akafungua.

Jumapili jioni karani akajumlisha. Akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu. Mia tatu na kumi na wawili. Akamwonyesha shangazi daftari bila kumwangalia usoni, akaaga. Ndipo nikamwona huyu mama anafanya kitu ambacho sijawahi kumwona anafanya. Alichukua mashuka yake, yaliyonyooshwa, akaanza kuyabana ndani ya mfuko wa sandarusi. Hayakunjwi, yanabanwa tu, ngumi kwa ngumi. Mtu akapita sebuleni na ndoo mbili akamwambia habari za jioni. Akamjibu nzuri.

Kikao kikafika. Mwenye ghorofa tano naye alikuja, amekaa mbele, tabasamu limemjaa usoni. Mwenyekiti akasoma hesabu.

"Watu mia tatu na kumi na wawili," akasema. "Hii barabara ina kazi kuliko ninayokaa mimi."

Wajumbe wakapiga meza. Ombi la kufunga likakataliwa kwa kura zote. Ikapendekezwa nyumba ibomolewe Jumatatu, barabara ipanuliwe, mtaa ugeuzwe kuwa wa biashara, na mchora ramani apewe barua ya pongezi. Mwenyekiti akauliza, kama ada, kama kuna mwenye swali.

Shangazi akasimama. Hakuwa na pasi siku hiyo. Alikuwa ameshika mkoba tu, kwa mikono miwili.

"Mimi sina ubishi tena," akasema. "Nyumba mtabomoa. Ila hawa watu wangu, mkiwa mnabomoa, watapita wapi?"

Mwenyekiti akasema watazunguka kidogo. Lakini pembeni katibu alikuwa ameshaanza kufungua kitabu, na nilivyomwona anavyofungua, kwa kulamba kidole, nikajua kuna namba inakuja. Kifungu cha arobaini na nne. Akasoma kwamba barabara inayotumiwa na watu zaidi ya mia tatu kwa wiki haitafungwa, hata kwa siku moja, hata kwa ajili ya kuipanua, mpaka kwanza ipatikane njia mbadala isiyozidi hatua mia mbili.

Wajumbe wakageukia ramani.

Mchora ramani akaambiwa atafute njia mbadala. Akainamia ramani. Alikuwa anatafuta kwa pua sasa. Nyumba, nyumba, choo, nyumba, karakana, nyumba. Jasho likamtoka. Mjumbe mmoja wa mwisho wa meza, ambaye vikao vyote viwili hakuwa amesema neno, akasafisha koo.

"Na tukiikunja tena," akasema, "kwa upande mwingine?"

Sikuamini, lakini walilijadili. Walilijadili robo saa nzima. Wapo waliosema mkunjo wa leo hautakuwa na uzito kisheria kama mkunjo wa zamani. Mwingine akauliza utapita kwa nani, mchora ramani akapima kwa rula, akasema utapita kwenye ukumbi huu huu, chini ya kiti cha mwenyekiti. Hoja ikaondolewa.

Mwenye ghorofa akasimama akasema hili ni jambo dogo, nyumba ni ya bati, itolewe tu. Katibu akamwuliza itolewe wapi. Akasema barabarani. Katibu akamwambia nyumba haiko barabarani, bwana. Karani ameandika kwamba watu wanaingia mlango wa mbele wanatokea wa nyuma. Wanatembea ndani ya nyumba. Kwa hiyo nyumba ndiyo barabara. Ukiitoa, umeifunga. Ukiifunga, kifungu cha arobaini na nne.

Yule bwana akachukua kofia yake, akatoka. Nasikia amepata kiwanja kwingine, karibu na bwawa.

Na bodi ikaamua. Katibu akaandika, akamsomea shangazi taratibu apate kuelewa. Barabara Namba Kumi na Nne inabaki kama ilivyo. Ni barabara ya waendao kwa miguu, upana mita moja, yenye paa. Mkazi wake ataendelea kuishi ndani yake bila kusumbuliwa na mtu yeyote, muda wote ambao barabara itakuwepo. Masharti ni matatu. Milango ifunguliwe asubuhi na kufungwa jua likizama. Kochi likae upande wa kushoto. Na akitaka kudeki, atoe tangazo siku mbili kabla.

Shangazi akauliza kama hiyo karatasi ina muhuri. Ikagongwa mihuri miwili. Akaipokea, akaitazama, akaomba isikunjwe. Aliibeba mpaka nyumbani imelala juu ya viganja viwili, kama mtu anayebeba trei ya mayai.

Sasa ndivyo anavyoishi. Meza ya pasi ameisogeza pale katikati, na wanaopita wanavua mashati wanamwachia, wanaenda bombani wamebaki na fulana, wakirudi yako tayari. Kazi imeongezeka mpaka amemwajiri yule jirani wa mita moja. Juzi alibandika tangazo lake la kwanza mlangoni, kwa mwandiko wake wa kulala, kwamba Alhamisi barabara inadekiwa. Alhamisi ikafika, akadeki, sakafu inang'aa bado ina maji, na fundi huyo na ndoo zake, viatu vyake vyeusi kwa masizi.

Shangazi akamwambia avue.

"Shemeji, kuwa na haya," fundi akasema. "Umesikia wapi barabara mtu anavua viatu?"

Shangazi hakuinua kichwa kwenye shati alilokuwa analipiga pasi. Akanyoosha tu ile pasi kuelekeza chini, kwenye miguu ya fundi. Nyuma ya fundi walikuwa wameshafika watu wanne, wanangoja. Fundi akaguna, akaweka ndoo chini, akainama akafungua kamba. Wale wanne nao wakaanza kuvua.